Mji wenu unataka treni zaidi? Anzeni na daftari

Karibu kila mji wa mkoani unaolalamikia reli yake huomba kitu kilekile: njia ya pili, yaani reli nyingine sambamba na ile iliyopo. Barua za namna hiyo nilizipokea kwa miaka 19 niliyofanya kazi kwenye chumba cha kuongozea treni, na tangu nilipostaafu na kuingia kamati ya abiria, nimeziandika mwenyewe. Barua inakwenda, jibu linarudi kwamba fedha hazipo, na mji unabaki na treni zake nne kwa siku.

Nawaandikia nyinyi mlio kwenye kamati kama yetu, au diwani anayetaka kulisimamia jambo hili vizuri. Mara nyingi kinachokwamisha treni si reli yote kutoka mwanzo hadi mwisho. Ni kipande kimoja au viwili. Mkikijua kipande hicho kwa jina lake na kwa dakika zake, mtaomba kitu kidogo kinachowezekana, na anayewasikiliza hatakuwa na pa kukwepea.

Kaeni stesheni wiki nzima

Chukueni daftari na saa, mgawane zamu kuanzia treni ya kwanza hadi ya mwisho, Jumatatu hadi Jumapili. Kwa kila treni andikeni muda iliotakiwa kufika, muda iliofika kweli, muda ilioondoka, idadi ya mabehewa, na kama kuna abiria waliosimama. Treni za mizigo msiziache. Zinatumia reli hiyohiyo, na mara nyingi jibu liko kwao.

Mwingine apande treni na kuandika kila mahali inaposimama au kupunguza mwendo, hata kama ni porini. Sisi tulikuwa na treni ya jioni iliyochelewa kila siku kati ya dakika 11 na 16. Tulikuwa tumeambiwa ni uchakavu wa reli, nasi tukaamini. Kijana mmoja wa kamati akaipanda siku tano mfululizo. Siku zote tano ilisimama kwenye lupu ileile (lupu ni kipande cha reli ya pembeni ambapo treni moja hungoja nyingine ipite), kilomita tisa kabla ya mji, ikisubiri treni ya mizigo ipite. Kwa nini treni ya mizigo isisubiri yenyewe? Kwa sababu ilikuwa ndefu kuliko lupu. Isingeweza kuingia pembeni yote, mkia wake ungebaki umeziba njia kuu, kwa hiyo ilikuwa lazima abiria ndio wakae pembeni. Tulipoipima, lupu ilikuwa imepungukiwa na mita 60. Abiria mia tano walikuwa wakipoteza robo saa kila jioni kwa mita 60 za reli, na hakuna aliyekuwa amewahi kuliandika jambo hilo mahali popote.

Zichoreni treni zenu

Karatasi ya miraba inatosha. Mstari wa chini ni saa za siku. Upande wa kushoto, kuanzia chini kwenda juu, pangeni stesheni na lupu kwa umbali wake. Kila treni ni mstari mmoja wa mshazari: ikienda kasi mstari unasimama zaidi, ikienda polepole unalala, na ikisimama unakuwa bapa. Kwenye chumba chetu cha kuongozea, abiria walikuwa rangi ya bluu na mizigo nyekundu, nami bado nachora hivyo.

Kwenye reli ya njia moja, ambapo treni za kwenda na kurudi hutumia reli ileile, mistari miwili inayokuja uso kwa uso inaweza kukutana kwenye lupu au stesheni tu. Mkianza kusogeza mistari kwa rula mkitafuta nafasi ya treni mpya, mtaona kwa macho yenu mahali inapogoma. Nimeona madiwani waliokaa vikao vingi bila kuelewa tatizo wakilielewa ndani ya dakika kumi za kusogeza rula.

Mchoro pia utawaonyesha gharama ya mwendo usiolingana. Chukueni kipande cha kilomita 40 kisicho na pa kupitana. Treni ya abiria ya kilomita 100 kwa saa inakimaliza kwa dakika 24. Ya mizigo, kwa kilomita 50, inatumia dakika 48. Ya abiria ikitaka kuifuata ya mizigo bila kuikuta njiani, ni lazima isubiri hizo dakika 24 za tofauti na nyingine chache za usalama. Treni mbili za mwendo mmoja zingefuatana kwa karibu zaidi sana. Ndiyo maana kuhamishia treni za mizigo nje ya saa za asubuhi kunaweza kuwapa nafasi bila kumwaga saruji hata kidogo.

Pigeni hesabu ya kipande chembamba

Kwenye njia moja, uwezo wa reli nzima unaamuliwa na kipande kinachochukua muda mrefu zaidi kati ya lupu mbili. Haijalishi vipande vingine vina nafasi kiasi gani. Kitafuteni kwenye mchoro, kisha fanyeni hivi.

Tuseme treni inatumia dakika 14 kwenda na dakika 15 kurudi. Ongezeni dakika tatu kila upande za kuthibitisha njia iko wazi, kugeuza swichi za kubadili njia na kumpa dereva ruhusa. Jumla ni dakika 35 kwa jozi moja ya treni. Mkiacha muda wa saa nne kila usiku kwa matengenezo, na msiache chini ya hapo, mnabaki na dakika 1,200. Gawanyeni kwa 35, mnapata jozi 34.

Msiahidi mtu jozi 34. Reli iliyojazwa hadi ukingoni haina pumzi: treni moja ikichelewa, zote zinazofuata zinachelewa. Umoja wa Kimataifa wa Reli, UIC, unashauri njia yenye treni za aina mchanganyiko isitumike zaidi ya asilimia 60 ya muda wake kwa siku, na asilimia 75 katika saa ya msongamano. Asilimia 60 ya 34 ni jozi 20. Hiyo ndiyo namba ya kuisema hadharani.

Sasa wekeni lupu moja katikati ya kipande hicho. Kila nusu, pamoja na dakika za usalama, inakuwa kama dakika 22 kwa jozi. Dakika 1,200 kwa 22 ni jozi 54, na asilimia 60 yake ni 32. Kutoka jozi 20 hadi 32 kwa lupu moja! Hesabu hii inasimama ikiwa hakuna kipande kingine kinachozidi dakika 22, kwa hiyo rudini kwenye mchoro mkahakikishe. Mara nyingi kipo, na lupu ya pili inakwenda huko.

Ratiba itangulie ujenzi

Hapa ningependa mtulie nami kidogo, kwa sababu ndipo fedha nyingi hupotea.

Uswisi ilianza ratiba ya kitaifa ya kujirudia mwaka 1982: treni inaondoka dakika ileile kila saa. Mwaka 1987 wapiga kura wakapitisha mpango wa kuboresha reli uitwao Bahn 2000, na hatua yake kuu ikaanza kazi Desemba 2004. Walichofanya ni kuchora kwanza ratiba waliyoitaka, kisha wakajenga zile sehemu ambazo ratiba hiyo ilizidai. Waliamua treni za pande zote zifike stesheni kubwa muda mfupi kabla ya saa kamili na kuondoka muda mfupi baadaye, ili abiria abadilishe treni kwa dakika chache. Ili hilo liwezekane, safari kati ya stesheni mbili kubwa lazima iwe pungufu kidogo ya saa moja, au ya nusu saa. Zürich hadi Bern ilikuwa inazidi saa. Wakajenga njia mpya ya kilomita 45 kati ya Mattstetten na Rothrist, ikashuka chini ya saa, na mfumo ukakamilika.

Liwekeni hilo kwenye mji wenu. Safari inayoanza saa kamili ikichukua dakika 63 kufika stesheni kubwa ambako treni nyingine zinaondoka kila saa kamili, abiria wenu wanazikosa zote na kusubiri karibu saa nzima. Kupunguza dakika nane kunawaokolea saa. Lakini kama mko dakika 55 tayari, kutumia fedha kufika 47 kunawapa dakika nane zaidi za kukaa kwenye benchi. Kabla ya kudai mwendo kasi, jiulizeni dakika zipi zinafungua mlango.

Nilijifunza hili kwa mama mmoja aliyekuwa akija stesheni na ndoo zake mbili kabla jua halijachomoza. Treni yetu ilifika saa 1:04 asubuhi, ya kuunganisha iliondoka saa 1:00. "Mwanangu," aliniambia, "hizi dakika nne zinanigharimu soko zima." Tuliandika ombi la kusogeza treni yetu mapema kwa dakika kumi. Hakuna kilichojengwa. Ilichukua miezi saba ya barua, lakini ilisogezwa.

Urefu wa treni, na muda wa kuigeuza

Kama treni ya asubuhi imejaa, njia nyepesi ya kuongeza viti ni kuirefusha. Mabehewa sita ya watu 80 ni viti 480, tisa ni 720, na nafasi inayotumika kwenye reli ni ileile. Pimeni jukwaa: behewa la mita 22 mara tisa ni karibu mita 200, bado kichwa cha treni. Kurefusha jukwaa la mji mdogo ni kazi ndogo ukilinganisha na kulaza reli mpya. Hakikisheni tu lupu nazo zinaitosha, msije mkajitengenezea tatizo lile la mizigo niliyosimulia.

Halafu tazameni inavyogeuzwa mwisho wa safari. Kichwa kikikatwa, kikazungushwa na kuungwa upande wa pili, pamoja na kupima breki, jukwaa linazibwa kwa nusu saa hivi. Treni yenye chumba cha dereva kila upande inaweza kurudi baada ya dakika kumi. Kwa stesheni yenye jukwaa moja, hiyo ni tofauti kati ya treni kama mbili kwa saa na kama nne, pamoja na dakika za kuingia na kutoka. Mji unaweza kulilia jukwaa la pili wakati ulichohitaji ni aina nyingine ya treni.

Kuunganisha kunahitaji mahali pa kupokelea

Manchester, Uingereza, ilifungua kiunganishi cha Ordsall Desemba 2017, kipande kifupi cha reli kilichounganisha stesheni zake kuu moja kwa moja. Ni wazo zuri. Lakini majukwaa mawili ya ziada yaliyokuwa kwenye mpango wa stesheni ya Piccadilly hayakujengwa, treni zaidi zikaelekezwa kwenye njia zilezile mbili, na mwaka 2019 sehemu hiyo ilitangazwa rasmi kuwa imeelemewa. Leipzig, Ujerumani, ilikuwa na stesheni ambayo treni zote ziliingia na kurudi nyuma. Handaki la chini ya mji lililofunguliwa Desemba 2013 liliziwezesha treni za mkoa kupita na kuendelea upande wa pili, na majukwaa yakapumua. Kabla ya kuomba treni ya moja kwa moja, ulizeni itasimama jukwaa gani huko iendako, na kwa dakika ngapi.

Na mwisho wa reli uwe karibu na watu. Reli ya kisasa ya Mombasa na Nairobi ilipofunguliwa mwaka 2017, stesheni zake za mwisho ziliwekwa Miritini na Syokimau, mbali na katikati ya miji, na abiria anahitaji usafiri mwingine kumalizia safari. Dakika za kumalizia nazo ziandikeni kwenye daftari. Kwa abiria, safari inaanzia mlangoni kwake.

Mkipata cha kujenga

Ardhi ya njia ya pili ilindwe leo, hata kama reli yake itakuja baada ya miaka 30, na kila daraja jipya lijengwe kwa upana wa njia mbili. Reli ya Borders huko Scotland, iliyofunguliwa Septemba 2015, sehemu kubwa ni njia moja yenye vipande vya kupishana, na baadhi ya madaraja yake mapya yalijengwa kwa upana wa njia moja. Kuongeza treni huko sasa kunamaanisha kurudi kwenye madaraja yenyewe.

Peleka ombi

Liwe ukurasa mmoja na mchoro mmoja. Semeni kipande kwa jina, dakika zake, jozi zinazopita leo, jozi zitakazopita baada ya marekebisho, na kitu kimoja mnachoomba. Kimoja. Ombi letu la kwanza lilikuwa na mambo 14, na likajibiwa kwa sentensi mbili. La pili liliomba mita 60 za lupu.

Kwenye kikao cha kwanza ombeni ratiba ya kazi, ile wanayotumia waongozaji na ambayo ina treni za mizigo pia, orodha ya urefu wa lupu, na orodha ya maeneo ambako treni zinalazimika kupunguza mwendo. Kaeni na waongozaji wenyewe mkipata nafasi, maana wanajua kila kipande kinachowaumiza na ni nadra mtu kuwauliza. Msiende na magazeti mkononi. Nendeni na mchoro, muuweke mezani pamoja na rula, mumwachie mwenyeji aisogeze mistari mwenyewe.

Lupu yetu ilirefushwa mwaka wa tatu. Jumatatu iliyofuata tulirudi stesheni na daftari jipya, na treni ya jioni ikaingia ikiwa imechelewa dakika mbili. Tuliandika hizo mbili pia.