Kuvielewa Vipeuo kwa Kulitazama Ziwa

Siku ya anga safi, ukisimama juu ya mwalo wa Kibirizi, Kigoma, mahali ambapo macho yako yako mita 4 juu ya Ziwa Tanganyika, utaona maji hadi umbali wa takribani kilomita 7. Ukipanda hadi mita 16, yaani mara nne ya kimo cha kwanza, umbali huongezeka mara mbili tu, ukawa takribani kilomita 14. Kwa sababu dunia ni mviringo, umbali wa upeo wa macho kwa kilomita hukaribia 3.57√h, ambapo h ni kimo kwa mita na √ ni alama ya kipeuo cha pili. Hiyo ni funksheni ya kipeuo: grafu yake hupanda kwa kasi mwanzoni, kisha hulegea, ingawa haiachi kupanda.

Kipeuo cha pili cha namba ni ile namba isiyo hasi ambayo ikizidishwa kwa yenyewe hurudisha namba ya awali. Kwa hiyo √49 ni 7, wala si −7. Tena, kwa kuwa hakuna namba halisi inayozaa hasi ikizidishwa kwa yenyewe, f(x) = √(x − 3) huanzia pale x inapokuwa 3.

Ili kurahisisha √72, igawanye kwa namba tasa upate 2×2×2×3×3. Kila jozi hutoa namba moja nje, na isiyo na jozi hubaki ndani, hivyo jibu ni 6√2. Vipeuo vinavyofanana hujumlishwa kama mafungu ya dagaa: 6√2 + 5√2 = 11√2.

Kosa linalowaponza wengi ni kuandika √(9 + 16) kuwa 3 + 4. Aliyewahi kukata shamba kwa mshazari badala ya kuzunguka pembe yake ya mraba anajua kwamba hatua 3 na hatua 4 humpa njia ya mkato ya hatua 5, si 7. Kipeuo hutenganishwa kwenye kuzidisha, si kwenye kujumlisha.

Ukipewa mlinganyo √(x + 6) = x, zidisha kila upande kwa wenyewe upate x + 6 = x², yaani x² − x − 6 = 0, ambao hutoa 3 na −2. Usiweke kalamu chini bado, kwa sababu hatua hiyo hufuta alama ya hasi na huweza kuingiza jibu la uongo. Rudisha kila jibu kwenye mlinganyo wa mwanzo: √9 ni 3, sawa, lakini √4 ni 2, si −2. Jibu ni 3 peke yake.