Kutafsiri maneno ya kale ya Kiingereza yahusuyo mawingu

Kabla ya kufungua kamusi, tazama andiko ni la mwaka gani. Maneno haya yamehamahama mno. Hadi karne ya 13 hivi, "cloud" iliandikwa "clud" na maana yake ilikuwa kilima au mwamba. Wingu liliitwa "wolcen", ndugu wa "Wolke" ya Kijerumani, na hilo ndilo lililozaa "welkin", ambalo kwa washairi ni anga lote. "Sky" nayo ilitoka kwa Wanorse, watu wa kale wa Skandinavia, ikiwa na maana ya wingu.

Mtego wake unaonekana kwa mshairi Mwingereza Chaucer, karne ya 14: upepo wavuma hata usiache "skye" moja katika "welken" yote. Anayesoma kwa macho ya leo ataandika "anga" penye neno la kwanza, kisha akwame kwenye la pili. Tafsiri sahihi ni "haukubakiza hata wingu moja katika mbingu yote".

Kwa "welkin", andika "mbingu" katika ushairi na nyimbo za ibada, "anga" katika nathari. Hata Waingereza wenyewe lilikuja kuwapa taabu: wimbo wa Krismasi wa Charles Wesley wa 1739 ulianza kwa "welkin" inayovuma, na mwaka 1753 mhubiri George Whitefield akaliondoa, akaweka malaika.

"Rack" ndilo linaloharibu tafsiri nyingi. Kamusi ndogo itakupa rafu ya vyombo, au chombo cha kutesea watu. Kwa Shakespeare ni mawingu mepesi ya juu yanayosukumwa na upepo. Jiulize: kuna upepo au mwendo katika sentensi? Kama upo, "mavundevunde" yanatosha, ukiongeza kitenzi cha mwendo. Angalia pia tahajia: "wrack" ni mabaki ya chombo kilichovunjika baharini, na wachapaji wa zamani waliyachanganya haya mawili. Mambo yanayolizunguka neno ndiyo yaamue, si herufi.

"Scud" ni la mabaharia: vipande vya chini kabisa, vinavyokimbia chini ya wingu zito la mvua. Usilipe "mavundevunde" peke yake, maana msomaji hatajua kama yako juu au chini. Andika "vipande vya wingu vinakimbia chini ya ghubari".

"Lower", ikihusu mbingu, haina uhusiano na kushuka. Huandikwa pia "lour", na asili yake ni kukunja uso. Kiswahili kinalo tayari: "mbingu zimenuna". "Brume" ni ukungu, na "nubilous" ni -enye mawingu. Hayo hayana shida.

Majina ya picha yanahitaji uamuzi. "Mare's tails" ni nyuzi nyeupe za juu sana zilizopinda ncha. "Mackerel sky" ni mawingu madogo yaliyojipanga kama mabaka ya mgongo wa samaki. Mvuvi wa pwani ataelewa "mgongo wa kibua", kwa hiyo usimpe jina la samaki wa kigeni. Ila ishara yake ya hali mbaya ya hewa isihamishwe bila maelezo. Kaskazini mwa Atlantiki mawingu hayo mara nyingi hutangulia hewa vuguvugu inayopanda juu ya hewa baridi, ndiyo maana mabaharia walipunguza matanga. Karibu na ikweta mvua haiji kwa njia hiyo.

Mwisho, "cirrus", "cumulus" na "stratus" yalianza kuwa majina ya mawingu kwa Luke Howard, mfamasia wa London, katika mhadhara wa Desemba 1802. Andiko la kabla ya hapo usilitilie istilahi za hali ya hewa. Na ukikuta "nimbus" katika shairi la zamani hizo, usikimbilie maana ya leo ya wingu la mvua: mara nyingi ni wingu la nuru linalomzunguka mungu au mtakatifu.