Makumbusho ya Fukagawa Edo: vua viatu, ingia ndani, kaa chini

Makumbusho haya ni mtaa wa zamani wa Edo, jina la kale la Tokyo, uliojengwa upya ndani ya jengo, na nyumba zake unaziingia. Panda treni ya chini ya ardhi ya Hanzomon au ya Oedo jijini Tokyo, ushuke Kiyosumi-shirakawa na kutokea mlango wa A3. Kutoka hapo ni dakika 3 hivi kwa miguu. Usiyachanganye na Makumbusho ya Edo-Tokyo, ambayo ni makubwa zaidi na yako Ryogoku, vituo viwili mbele kwa treni ya Oedo. Majina yanafanana, na ukitafuta kwenye ramani kwa haraka utajikuta mlango usio wako.

Kiingilio ni yen 400 kwa mtu mzima na yen 50 kwa mtoto. Hufunguliwa saa 3:30 asubuhi na kufungwa saa 11 jioni, ila mwisho wa kuingia ni saa 10:30. (Kwenye vibao utaona 9:30, 17:00 na 16:30.) Jumatatu ya pili na ya nne ya mwezi huwa wamefunga. Tenga saa moja na nusu. Asubuhi za siku za kazi huenda ukakutana na wanafunzi wanaoletwa na walimu wao, na vyumba vidogo vya humo haviwatoshi. Alasiri huwa na nafasi.

Viatu viamue mapema. Humo utavivua na kuvivaa tena mara sita, saba. Anayekuja na buti za kamba huchoka nyumba ya pili, akabaki kuchungulia mlangoni, na hapo ziara yake imekwisha. Vaa viatu vya kuchomeka mguu, na soksi nzima, nene kidogo ikiwa ni majira ya baridi kwa sababu mbao za sakafu hupoza nyayo. Begi la mgongoni liache kwenye kabati la mizigo au ulivae kifuani: vijia ni vyembamba, na ukigeuka nalo utakumba bidhaa zilizopangwa mbele ya duka.

Ndani kumejengwa mtaa mzima wa Saga-cho, Fukagawa, kwa vipimo halisi, kama ulivyokuwa mwanzoni mwa miaka ya 1840. Mtaa uko chini, nawe unaanzia juu. Usikimbilie ngazi. Simama kwanza uangalie mapaa, utafute paka aliyelala juu ya paa mojawapo, kisha mnara wa mbao wa mlinzi wa moto. Ukiutazama mpango kutoka juu utaona maduka yamepewa uso wa barabara, na nyumba za wapangaji zimesukumwa nyuma, uchochoroni. Ukishashuka, mpangilio huo hauonekani tena kwa urahisi.

Taa na sauti hubadilika zenyewe: jogoo huwika, kunapambazuka, wachuuzi hunadi, giza huingia. Kaa usubiri mzunguko mzima walau mara moja, na usiku ukikukuta uwe ndani ya chumba, si barabarani.

Barabarani, anza na duka la mchele. Kinu chake hakitwangwi kwa mikono. Mchi umefungwa kwenye boriti ndefu, na mtu hukanyaga ncha ya pili ili uinuke na kuanguka. Jirani kuna ghala la mfanyabiashara wa mafuta na mbolea ya dagaa waliokaushwa. Halafu duka la mboga, na ukingoni mwa maji nyumba ya wenye mashua na mashua yenyewe nyembamba, iliyochongoka mbele. Hapo usikawie sana. Kazi kubwa iko uchochoroni.

Chumba cha mpangaji kina upana wa meta 2.7 na kina cha meta 3.6. Kipande cha mbele ni sakafu ya udongo: jiko la kuni, karo, mtungi wa maji. Kilichobaki ni mikeka minne na nusu ya tatami, na hapo familia ilikula, ikafanya kazi na kulala.

Kuingia kuna utaratibu. Vua viatu kwenye udongo, uvigeuze ncha zitazame nje. Panda kwa mguu wa soksi moja kwa moja, usiguse tena udongo, maana mchanga huikwaruza tatami. Usikanyage kizingiti wala pindo la kitambaa la mkeka. Mlango usukume pembeni kwa kushika fremu; karatasi yake hutobolewa na kidole kimoja. Vyombo unaruhusiwa kuvishika, mradi uvirudishe ulipovitoa.

Kisha keti, na hili ndilo wageni wengi hulikosa. Vyumba hivi vilipangwa kwa macho ya mtu aliyekaa chini. Ukisimama, unaona dari na vitu vichache vya kimaskini. Ukikaa, kandili ya karatasi iko usawa wa uso, jiko liko karibu na mkono, na kila chombo kinafikika bila kuinuka. Kandili iliwaka kwa mafuta; ya dagaa yalikuwa rahisi kuliko ya mbegu lakini yalinuka na kutoa moshi, kwa hiyo watu walilala mapema. Tazama vifaa vya kazi ukisie mkaaji: mapakacha na mti wa kubebea begani ni vya muuza asari, aina ya kome; zeze la shamisen ni la mwalimu wa muziki.

Toka uende kisimani na chooni. Fukagawa ni ardhi iliyojazwa baharini, maji ya kisima yalikuwa na chumvi, hivyo ya kunywa yalinunuliwa kwa wachuuzi. Mlango wa choo ni nusu: aliye ndani huonekana kichwa, hakuna haja ya kubisha. Kinyesi kiliuzwa kwa wakulima kuwa mbolea, na fedha zikawa za msimamizi wa nyumba.

Picha piga bila mwanga wa kamera. Palipo na giza, egemeza simu kwenye nguzo, ushushe pumzi, ndipo ubonyeze.

Waongozaji wa kujitolea wakiwepo, waulize kitu kimoja mahususi, kwa mfano kile chombo kilitumikaje. Swali la jumla hujibiwa kwa jumla. La chombo mara nyingi huishia kwa kukishika na kukuonyesha.