Homa Ikikupata Ugenini: Mwongozo kwa Muuguzi Anayejitolea Sudan Kusini

Muuguzi akiugua huwa mgonjwa msumbufu kuliko wote wodini. Anajua dawa zilipo, pengine ufunguo wa stoo anao yeye, na ameshaamua ni malaria kabla hajapima. Anameza panadoli mbili, anaingia zamu, siku ya tatu anabebwa. Mwongozo huu ni wa wauguzi wa Kenya, Tanzania na Uganda wanaokwenda kujitolea Sudan Kusini, hasa kwenye vituo vya mbali ambako mvua zikianza barabara ya udongo mweusi haipitiki na njia ya kutoka inabaki ndege ndogo. Kanuni iliyo juu ya zote ni hii: ukishapata homa, kesi hiyo si yako tena. Mkabidhi tabibu au muuguzi mwenzako, naye aandike faili kama la mgonjwa mwingine yeyote.

Kabla ya kuondoka

Acha ile kauli ya "sisi malaria tumeizoea". Aliyekulia Nairobi, Nyeri au Njombe hana kinga ya kutajika, na aliyezaliwa Kisumu au Mtwara lakini akaishi miaka mingi pasipo na malaria kinga yake imepungua sana. Kunywa dawa ya kinga. Doksisaiklini ni miligramu 100 kila siku, kuanzia siku 1 au 2 kabla ya safari hadi wiki 4 baada ya kutoka huko. Imeze na glasi nzima ya maji na usilale kwa nusu saa, la sivyo hukwama na kuchoma koo la chakula. Haifai kwa mjamzito. Atovakwoni-proguanili ni ghali zaidi, ila baada ya kutoka huendelei nayo zaidi ya siku 7. Wengi huziacha dawa hizi wakishafika nyumbani kwa kuona safari imekwisha, na hapo ndipo malaria huwapata.

Sindano ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya kusafiri. Chanjo ya homa ya ini B ina dozi 3 zinazochukua miezi 6 kwa ratiba ya kawaida, kwa hiyo usiisubiri barua ya kukubaliwa.

Tengeneza kadi ndogo, iwe na kundi la damu, HB (kiwango cha wekundu wa damu) yako ukiwa mzima, mzio, dawa unazotumia, tarehe ya kufika na simu ya ndugu. Uzito pia, kwa kilo halisi ulizopima wiki hiyo. Siku ukiwa hujitambui, mtu atakupigia hesabu ya dozi kwa namba hiyo.

Saa ya kwanza ya homa

Kipimajoto cha kwapani kikisoma 37.5 au zaidi, au ukipata baridi kali na maumivu ya viungo hata kama joto halijapanda, toka wodini na umwambie msimamizi. Pima kwanza, dawa baadaye.

Kipimo cha haraka cha malaria kinaharibiwa na mambo madogo: damu pungufu kwenye pipeti, bafa (maji ya kipimo) iliyochukuliwa kwenye boksi la kampuni nyingine, au kusoma mapema. Soma kwa dakika zilizoandikwa kwenye boksi, kwa kawaida 15 hadi 20, na mstari unaotokea saa moja baadaye usiuhesabu. Kama kuna darubini, toa slaidi ya tone nene na ya tone jembamba papo hapo, kabla ya kidonge cha kwanza.

Jibu likiwa hasi na homa ipo, rudia kila baada ya saa 12 hadi 24 mpaka zitimie mara 3. Upo pia uwezekano wa kipimo chenyewe kudanganywa: aina nyingi hutafuta HRP2, protini ya vimelea vya falsiparum (aina ya malaria iliyo hatari zaidi), na katika Pembe ya Afrika, hasa Eritrea, Ethiopia na Jibuti, vipo vimelea vya aina hiyo visivyoitengeneza. Hapo darubini ndiyo msemaji.

Halafu hesabu siku. Falsiparum haikuangushi chini ya siku 7 baada ya kuumwa na mbu. Ukipata homa siku ya 4 tangu ufike, kama ni malaria basi umetoka nayo nyumbani au ulikopitia. Bado unapima, ila usiishie kwenye malaria.

Kushusha homa tumia parasetamoli, gramu 1 kila baada ya saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku. Ile sindano ya diklofenaki ambayo sote tumeichoma bila kufikiri iache, pamoja na ibuprofeni na aspirini, mpaka dengi na homa za kutoka damu ziwe zimeondolewa kwenye orodha.

Malaria isiyo kali

Kwa mtu mzima wa kilo 35 na zaidi, ALu (dawa mseto ya artemetha na lumefantrini) ni vidonge 4 mara 6, jumla 24. Kosa liko kwenye dozi ya pili: inakuja saa 8 baada ya ya kwanza, wala si 12. Ukianza saa 2 asubuhi, ya pili ni saa 10 jioni. Ya tatu ni saa 2 asubuhi kesho yake, kisha saa 2 usiku, saa 2 asubuhi, saa 2 usiku, basi. Kunywa pamoja na chakula chenye mafuta, kwa kuwa lumefantrini haifyonzwi vizuri tumbo likiwa tupu. Maziwa yanatosha, na siagi ya karanga, ambayo huko haikosekani, inatosha pia. Ukitapika ndani ya nusu saa, rudia dozi nzima. Ukitapika tena, vidonge havikufai, unahitaji sindano.

Usipime kwa kipimo cha haraka wiki inayofuata ili kuona kama umepona. HRP2 hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa, mstari utatokea, nawe utaanza dozi nyingine bure. Anayefuatiliwa afuatiliwe kwa slaidi.

Dalili za hatari

Kuchanganyikiwa, degedege, kushindwa kukaa bila kushikiliwa, kutapika kila kitu, kupumua kwa shida, macho ya manjano, mkojo mweusi kama kokakola, kutokwa damu, sukari ya damu chini ya 2.2 mmol/L. Ikionekana hata mojawapo, ni artesuneti, dawa ya sindano ya malaria kali, na wakati huohuo mratibu anapigiwa simu kuhusu ndege.

Dozi ni miligramu 2.4 kwa kila kilo: saa ya sifuri, ya 12, ya 24, kisha mara moja kwa siku. Mgonjwa wa kilo 60 anahitaji miligramu 144, yaani chupa 3 za miligramu 60. Kwa chupa za kawaida, kila moja weka mililita 1 ya sodiamu baikaboneti iliyokuja nayo, tikisa mpaka iwe angavu, kisha ongeza mililita 5 za nomo salaini kwa sindano ya mshipa. Sasa kila mililita ina miligramu 10. Vuta mililita 14.4 na usukume polepole. Kwa sindano ya msuli ongeza mililita 2 badala ya 5, kila mililita inakuwa na miligramu 20, vuta 7.2, ugawe kwenye mapaja yote mawili kwa mbele. Tumia ndani ya saa moja, wala usiitie kwenye dripu. Soma karatasi ya ndani ya boksi kila mara, kwani aina hazifanani. Mmoja achanganye, mwingine akague hesabu, na mgonjwa asiwe mmoja wa hao wawili.

Upendo wa wenzako utajaribu kukufungia dripu moja baada ya nyingine. Mtu mzima mwenye malaria kali hujaa maji mapafuni kwa urahisi. Maji yapimwe, mkojo upimwe, pumzi zihesabiwe. Baada ya saa 24 angalau, ukiweza kumeza, unamalizia na dozi kamili ya ALu.

Ndege ndogo hutua mchana, na uwanja wa udongo ukilowa haitui kabisa. Ukingoja mpaka jioni ndipo useme hali ni mbaya, umeomba ndege ya kesho. Faili, saa za dozi na kadi yako visafiri nawe.

Isipokuwa malaria

Usikubali taifodi ya karatasi. Kipimo cha Widali kimoja hakithibitishi kitu katika eneo ambalo watu wengi wameshakutana na vijidudu hivyo. Kama upo uwezekano wa kuotesha damu, itolewe kabla ya antibiotiki ya sefitriaksoni.

Dengi hudanganya kwa kupoa: joto linashuka kati ya siku ya 3 na ya 7, mgonjwa anataka kurudi kazini, na hapo ndipo mishipa huanza kuvuja. Tumbo kuuma sana, kutapika mfululizo, fizi kutoa damu au kulegea kusiko kwa kawaida katika siku hizo ni sababu ya kulazwa. Macho ya manjano bila malaria, hasa ukiwa umefanya kazi kambini kama Bentiu, fikiria homa ya ini E; kwa mjamzito ni hatari sana. Homa ya zaidi ya wiki 2 na bandama iliyovimba, omba kipimo cha kala-azari, ugonjwa wa vimelea unaoenezwa na usubi, maana majimbo ya Jonglei na Upper Nile ni nyumbani kwake.

Na kama ndani ya siku 21 ulimhudumia mgonjwa aliyeshukiwa Ebola au Marburg, au aliyetokwa damu bila sababu kujulikana, usiende maabara wala jikoni. Kaa chumbani peke yako, piga simu, na asikuguse mtu asiyevaa vifaa kamili. Mlipuko wa Marburg wa Rwanda mwaka 2024 uliwapata zaidi wahudumu wa afya.

Ukirudi nyumbani

Aliyechomwa artesuneti apime HB kila wiki kwa wiki 4. Chembe za damu zinaweza kuvunjika kwa kuchelewa, wiki 1 hadi 4 baada ya kupona, na uchovu huo hudhaniwa ni wa safari.

Homa yoyote ndani ya miezi 3, pima siku hiyohiyo. Vivaksi na ovale, aina nyingine za malaria, zinaweza kuibuka baadaye zaidi, hata kama dawa ya kinga uliimaliza. Ukifika mapokezi, kabla ya kueleza kinachokuuma, taja nchi uliyotoka, tarehe uliyotoka na kazi uliyokuwa ukifanya. Kama zile siku 21 hazijaisha tangu ukutane na mgonjwa wa kutiliwa shaka, piga simu kwanza, uambiwe uingilie mlango gani.