Kufungasha kemikali hatari kwa safari: anza na karatasi, boksi baadaye

Anayefungasha kemikali kwa mara ya kwanza hukimbilia kutafuta boksi gumu. Liache kwanza. Boksi huchaguliwa karibu mwisho, baada ya kujua umebeba nini na kinasafiri kwa njia gani. Tuchukue mfano mmoja: chupa nne za kioo za asetoni, kila moja lita 2.5.

Hatua ya 1: Soma karatasi ya taarifa za usalama

Fungua sehemu ya 14, inayohusu usafirishaji. Unatafuta vitu vinne: namba ya UN (ya Umoja wa Mataifa, inayotambulisha bidhaa hatari), jina rasmi la kusafirishia, daraja la hatari (aina ya hatari) na kundi la ufungashaji (ukali wa hatari: I ni kali zaidi, III ndogo zaidi). Asetoni ni UN 1090, daraja la 3, kundi la II. Jina la kibiashara halitoshi kwenye nyaraka, hata kama kila mtu analijua.

Kisha hakiki kwa sehemu ya 9, inayotaja sifa kama kiwango cha kuchemka, maana nimeona karatasi ambazo sehemu hizo mbili zinapingana. Kimiminika kinachoanza kuchemka kwenye nyuzi 35 za Selsiasi au chini ya hapo ni kundi la I. Kinachochemka juu ya hapo, ila mvuke wake hushika moto chini ya nyuzi 23, ni kundi la II. Kuanzia 23 hadi 60 ni kundi la III. Asetoni huchemka kwenye 56, na mvuke wake hushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 20 hivi chini ya sifuri; kundi la II, basi. Namba zisipokubaliana, muulize mtengenezaji kabla ya kuendelea.

Hatua ya 2: Angalia kama kuna hatari ya pili

Madaraja ni tisa: milipuko, gesi, vimiminika vinavyowaka, yabisi zinazowaka, vioksidishaji na peroksaidi, sumu na vitu vya kuambukiza, mionzi, vibabuzi, na mchanganyiko wa mengineyo. Bidhaa moja inaweza kubeba mawili. Methanoli (UN 1230) inawaka na ni sumu, kwa hiyo hubandikwa lebo mbili. Asetoni ina moja tu.

Hatua ya 3: Amua njia ya safari

Baharini hutumika kanuni za IMDG, angani za IATA, na barabara za Ulaya zina ADR. Anga ndiyo kali zaidi. Lita zetu 10 katika kifurushi kimoja haziingii ndege ya abiria, ambako kikomo cha asetoni ni lita 5 kwa kifurushi. Ya mizigo pekee inafika 60.

Kwa bahari au barabara, chupa za lita 1 zingeweza kupita kama kiasi kidogo na kukupunguzia masharti mengi. Kama mteja hajali ukubwa wa chupa, mshawishi.

Hatua ya 4: Soma alama ya boksi

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Boksi lililopimwa lina alama ya UN ndani ya duara, ikifuatwa na kitu kama 4G/Y20/S/24. 4G ni boksi la kadibodi. Y ina maana linafaa makundi ya II na III. X hubeba yote matatu, Z ni la III tu. Herufi hizo hazitolewi bure: kwenye jaribio la kuangushwa, X huanzia mita 1.8, Y 1.2 na Z 0.8. 20 ni uzito wa juu kwa kilo, boksi na vyote vilivyomo. S inaonyesha vitu yabisi au vyombo vya ndani, na 24 ni mwaka wa kutengenezwa.

Boksi hilo limepimwa pamoja na chupa za aina fulani, vizuizi vyake na hata utepe wake. Ukibadilisha chupa au kuweka utepe uliobaki stoo, alama haikulindi tena. Omba maelekezo ya kufunga kutoka kwa muuzaji, uyafuate neno kwa neno.

Hatua ya 5: Funga

Acha nafasi juu ya kimiminika. Chupa isijae hata joto likifika nyuzi 55. Kaza vifuniko kama maelekezo yanavyosema, zungushia kifyonzaji na kinga ya mtikisiko, simamisha chupa wima. Kisha pima uzito.

Hatua ya 6: Lebo na nyaraka

Lebo ya daraja la 3 iwe na upana na urefu wa milimita 100. Weka namba ya UN, jina rasmi, anwani za mtumaji na mpokeaji, na mishale ya juu pande mbili zinazotazamana. Lebo isikunjwe kwenye pembe ya boksi. Kama boksi ni dogo mno, tafuta kubwa zaidi.

Kwenye tamko la mtumaji mpangilio haubadilishwi: namba ya UN, jina rasmi, daraja, kundi, kisha idadi na aina ya vifurushi. Anayetia sahihi awe amepata mafunzo. Kwa anga hurudiwa kila miezi 24.