Somo: Kuendesha kikundi cha biashara na kutafuta fani kwa wanafunzi wa sekondari

Walimu wenzangu, mtaala mpya wa Tanzania ulioanza kutumika kwa awamu kuanzia Januari 2024 umeigawa sekondari katika mkondo wa jumla na mkondo wa amali, yaani unaofundisha ujuzi wa kazi, na umeliweka somo la Elimu ya Biashara miongoni mwa masomo ya lazima. Jambo hilo ni jema, lakini mwanafunzi anayeweza kueleza maana ya mtaji ubaoni huenda hajawahi kushika mtaji wa mtu mwingine na kulazimika kuurudisha. Somo hili linahusu muhula mmoja wa kujaribu, kwa kutumia karanga za kukaanga, kwa kuwa hazihitaji mashine wala hazina kemikali za hatari kama zile za kutengenezea sabuni ya maji, ambazo singependa kuziona mikononi mwa mtoto wa miaka 14 bila fundi kuwa karibu.

Hatua ya kwanza: wanafunzi na muda

Pata kibali cha mkuu wa shule na ridhaa ya wazazi kwa maandishi. Chukua wanafunzi wa Kidato cha Kwanza na cha Tatu, kwa sababu wa Pili wanakabiliwa na Upimaji wa Kitaifa na wa Nne wana mtihani wao. Wanafunzi 20 wanatosha, wakigawanywa katika vikundi vya watu watano. Ukizidisha hapo, watatu watafanya kazi na waliobaki watakuwa watazamaji.

Hatua ya pili: kuhesabu kabla ya kununua

Kwa siku tano mfululizo kila kikundi kiandike kile ambacho wanafunzi na walimu hununua wakati wa mapumziko, kwa bei gani, na ni nini humalizika mapema. Waambie pia wazungumze na mama anayeuza mihogo getini, kwanza kwa heshima, na pili kwa sababu anajua mambo ambayo vitabu vyetu havina: siku ambazo fedha hupotea mifukoni mwa watoto, na jinsi mvua inavyobadilisha hamu ya wateja. Kikundi kisiuze kile anachouza yeye. Kwake hilo si zoezi la darasani. Ni ada za watoto wake.

Hatua ya tatu: mtaji wa mkopo, na daftari

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Mtaji usitolewe bure. Shule au mwalimu akikopeshe kikundi Sh 10,000, kwa karatasi iliyosainiwa na wote watano, zirudishwe baada ya wiki mbili bila riba.

Tuseme wamenunua kilo 2 za karanga kwa Sh 8,000, mkaa wa Sh 1,000, na chumvi pamoja na vifungashio kwa Sh 1,000. Wakipata pakiti 70 na kuziuza zote kwa Sh 200, mauzo ni Sh 14,000, na baada ya kurudisha mkopo hubaki Sh 4,000. Wanafunzi wengi hushangilia hapo. Usiwaruhusu kuondoka. Waulize walitumia muda gani kwenda sokoni, kuchambua, kukaanga, kufunga na kuuza; wakisema ni saa 3 kwa kila mmoja, basi ni saa 15 za kazi, na kila saa imelipwa Sh 267 hivi. Kimya kitakachofuata kina mafunzo mengi kuliko mhadhara wangu wowote. Kisha waulize ni wapi pa kurekebisha: je, mtu mmoja angeweza kwenda sokoni badala ya watano? Je, kukaanga kilo 4 kwa moto ule ule kungeongeza gharama ya mkaa kwa kiasi gani?

Daftari liwe na safu za tarehe, maelezo, fedha zilizoingia, zilizotoka na salio, na liandikwe siku ile ile. Pawe na ukurasa wa pekee wa wadaiwa. Katika jaribio langu la kwanza pakiti 10 zilitoka kwa mkopo na hazikulipwa, yaani nusu ya faida yote iliyotarajiwa, na daftari lilipofunguliwa kikaoni ilionekana kwamba wadaiwa wakubwa walikuwa walimu, nami nikiwemo. Tangu siku hiyo vikundi vyangu haviuzi kwa mkopo kwa mtu yeyote mwenye cheo.

Hatua ya nne: kutoka kwenye karanga hadi kwenye fani

Baada ya mzunguko wa pili wa mauzo, chora ubaoni safari ya pakiti moja na uwatake wanafunzi wataje kila aliyeigusa: mkulima, afisa ugani, dereva wa lori, dalali wa sokoni, mkaguzi wa viwango, mchapaji wa lebo, mtunza hesabu. Kila mwanafunzi achague kazi mbili, moja anayoipenda na moja ambayo hakuwahi kuifikiria, kisha amtafute mtu anayeifanya na kumuuliza maswali manne: jana ulifanya nini tangu asubuhi hadi jioni? Uliingiaje katika kazi hii? Vifaa vya kuanzia vinagharimu kiasi gani? Ni kitu gani hukipendi? Swali la kipato liulizwe kwa adabu, kuhusu anayeanza na si kuhusu mhojiwa mwenyewe.

Hatua ya tano: kuunganisha na masomo

Kwa wanafunzi wa Kidato cha Tatu, linganisha majibu hayo na tahasusi za Kidato cha Tano, yaani michepuo ya masomo, na uwaonyeshe kwamba vyuo vya kati na vyuo vya ufundi stadi vya VETA si jalala la walioshindwa.

Maswali niliyoulizwa

Mzazi, Morogoro: Mwanangu ameonja fedha na sasa haoni haja ya shule. Nifanye nini?

Mwombe akuletee daftari, mkae mhesabu malipo ya kila saa kama nilivyoeleza hapo juu. Pia mwekee siku maalumu za kuuza. Kwangu ni siku mbili kwa wiki.

Mwalimu, Kigoma: Uongozi wa shule unataka faida ichangie ukarabati wa madawati. Je, ni sawa?

Hapana. Mkiichukua faida, wanafunzi watajifunza kuficha mauzo. Kubalianeni mapema kwa maandishi kwamba ni ya kikundi, na kwamba sehemu yake itakuwa mtaji wa mzunguko ujao, ili wasikope tena.

Mwalimu, shule ya bweni: Hatuna soko nje ya uzio.

Basi uzeni huduma: kushona vifungo, kunyoa, kukarabati viatu. Gharama ya mali ghafi ni ndogo, hivyo hesabu ya muda huonekana wazi zaidi.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu: Nataka kuwa rubani. Karanga zinanihusu nini?

Karanga zenyewe hazikuhusu sana. Yale maswali manne ndiyo yanayokuhusu. Shikilia Fizikia, Jiografia na Hisabati, kisha mwombe mwalimu wako akuandikie barua ya utambulisho kwenda uwanja wa ndege ulio karibu, na usiishie kwa rubani. Waulize pia fundi wa ndege na mwongoza ndege walifanya nini jana.