Namna ya Kuandika Historia ya Kampuni ya Intaneti: Mfano wa Africa Online

Anayetaka kuandika historia ya kampuni iliyowahi kuuza huduma ya intaneti aghalabu huanza na maelezo ambayo kampuni yenyewe imejiandikia, na hapo ndipo kazi huharibika mapema, kwa kuwa kampuni za aina hii hununuliwa na kuuzwa mara kwa mara na kila mmiliki mpya huisimulia asili yake kwa namna inayomfaa. Ni afadhali uanze na swali hili: kampuni ilitumia njia gani kupeleka na kupokea data nje ya nchi, na njia hiyo ilikuwa mali ya nani? Ukilijibu swali hilo kwa kila kipindi, mengine mengi, kuanzia bei hadi kufilisika, yatajieleza.

Chukua mfano wa Africa Online, iliyoanzishwa nchini Marekani mwaka 1994 na Wakenya watatu waliosoma huko, Ayisi Makatiani, Karanja Gakio na Amolo Ng'weno, kisha ikaingia katika soko la Kenya na la nchi nyingine za Afrika. Usianze simulizi mwaka huo. Kabla yake Nairobi tayari ilikuwa na kituo cha FidoNet, mtandao wa kompyuta zilizopeana ujumbe kwa kupigiana simu, katika shirika la Environment Liaison Centre International, ambapo barua pepe zilikusanywa na kubadilishanwa na mtandao wa GreenNet wa London kwa njia ya simu ya kawaida. Asiyekijua kipindi hicho atadhani kwamba kampuni ililikuta soko tupu.

Hatua inayofuata ni kuchora ratiba ya njia za nje. Pwani ya Afrika Mashariki haikuwa na mkongo wa baharini wa nyuzi za mwanga hadi SEACOM ulipoanza kazi Julai 2009, ukifuatwa na TEAMS mwaka huohuo na EASSy mwaka 2010. Kwa hiyo kampuni yoyote ya miaka ya 1990 ilitegemea setilaiti au laini za kukodi za shirika la simu la taifa. Nchini Kenya, Telkom Kenya ilikuwa na haki ya pekee ya mawasiliano ya kimataifa, na watoa huduma walilazimika kupitia JamboNet, njia yake kuu ya intaneti ya kwenda nje. Uzito wa jambo hili unaonekana katika mkasa wa KIXP, kituo ambacho kampuni za Nairobi zilikifungua mwishoni mwa mwaka 2000 ili zibadilishane data humuhumu nchini badala ya kuizungusha ng'ambo: Telkom ililalamika, mdhibiti wa mawasiliano wa serikali akakifunga baada ya wiki chache tu, na hakikufunguliwa tena hadi Februari 2002. Barua pepe ya kutoka mtaa mmoja kwenda wa pili ilikuwa ikisafiri hadi bara jingine na kurudi, na mteja ndiye aliyelipia safari hiyo.

Baada ya hapo chunguza namba. Rekodi za anwani za IP, yaani namba zinazotambulisha kompyuta kwenye intaneti, zinapatikana bila malipo katika AFRINIC, masijala ya anwani hizo kwa Afrika, lakini zisome kwa uangalifu. AFRINIC ilitambuliwa rasmi mwaka 2005. Kabla ya hapo Afrika ilihudumiwa hasa na masijala za Ulaya na Amerika Kaskazini, kisha rekodi zikahamishwa. Anwani inayoanza kwa 41 haiwezi kuwa ya mtoa huduma wa Afrika wa miaka ya 1990, kwa kuwa fungu hilo lilikabidhiwa AFRINIC mwaka 2005, ilhali inayoanza kwa 196 yaweza kuwa ya zamani zaidi. Jina utakalolikuta katika rekodi ni la mwenye anwani wa sasa, ambaye huenda si yule aliyezipewa mwanzo.

Ukibahatika kupata barua pepe ya zamani iliyohifadhiwa pamoja na vichwa vyake, yaani mistari ya juu inayoonyesha ilikopitia, visome kutoka chini kwenda juu. Kila mstari unaoanza na neno Received unaitaja mashine iliyoipokea barua pamoja na saa yake, na kwa kulinganisha saa hizo utaona barua ilikwama wapi na kwa muda gani. Kwangu mimi ushahidi huu unashinda tangazo lolote la gazetini. Kurasa za zamani za tovuti zitafute katika Wayback Machine, hifadhi ya mtandaoni ya nakala za tovuti, ukikumbuka kwamba hifadhi hiyo ilianza kukusanya mwaka 1996, hivyo miaka ya mwanzo kabisa ya Africa Online haimo.

Umiliki ndio sehemu yenye mitego. Africa Online ilipitia mikononi mwa Prodigy, kampuni ya huduma za mtandao ya Marekani, kisha African Lakes, kampuni yenye asili ya Uskoti iliyoanzishwa mwaka 1878 kwa ajili ya biashara ya Ziwa Nyasa (sijui mwanahisa gani wa enzi za meli za mvuke angeliamini hilo), na mwaka 2007 ikanunuliwa na Telkom ya Afrika Kusini. Kwa Kenya, CR12, hati ya msajili wa kampuni, itakuonyesha wakurugenzi na wanahisa wa sasa pekee. Kwa waliotangulia, omba jalada lenyewe la kampuni, na usome taarifa za mwaka za kampuni mama. Maombi ya leseni yatafute katika Gazeti Rasmi la Serikali. Kwa Tanzania, anzia BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na TCRA, mamlaka ya mawasiliano.

Unapowahoji mafundi wa zamani, usiwaulize kampuni ilikuwaje. Waulize ilikuwa na modemu ngapi, laini ngapi za simu, na kiungo cha nje kilikuwa na kasi gani. Na mtu akidai kwamba kampuni yake ndiyo iliyokuwa ya kwanza nchini, mtake aseme ya kwanza katika nini: kutoa barua pepe, kuwa na kiungo cha kudumu, kuuzia umma, au kupata leseni. Yaandike madai hayo mbalimbali, kila moja na tarehe yake na hati inayolithibitisha.